Funga Kitabu Uone Unachokijua

Mhariri ameniomba niandike juu ya kudurusu: mwanafunzi afanyeje ili mtihani ukija apate alama za juu? Nilicheka kidogo. Darasani mimi si nambari moja, wala si nambari tano. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu katika kudurusu vibaya mimi ni fundi aliyehitimu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu nimekwisha kulivunja, basi nisikilizeni.

Nianze na Oktoba mwaka 2025, tukiwa kidato cha pili. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipokaribia niliamua kukesha. Nilijiwekea ratiba ya kijeshi: saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, usiku nne mfululizo. Nilikuwa na chai ya rangi, nyeusi tititi, na karai la maji baridi la kutia miguu ili usingizi uniogope. Taa ya sola ilipoishiwa nguvu niliwasha koroboi. Kitabu cha Biolojia nilikisoma mara tatu, jalada hadi jalada. Kila lililoonekana la maana nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na mwishowe kurasa zote zikawa nyekundu, usijue lipi la maana na lipi la kupita tu. Usiku mmoja mama aliamka, akanikuta nimeinama mezani. Akasema, “Mwanangu, mwaka huu tutachinja kuku.” Nami nikaamini kuku amekwisha kufa.

Siku ilipowadia niliingia chumba cha mtihani kifua mbele. Swali moja likanitaka nieleze jinsi figo inavyochuja damu. Haki ya Mungu, kile kitabu nilikiona! Nilijua jibu liko ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro, na kwamba nilipapigia mstari mara mbili. Mstari niliuona vizuri. Maneno yaliyokuwa juu ya mstari ndiyo sikuyaona. Nilitafuna kalamu, nikatazama dari, nikaandika sentensi mbili za kubahatisha. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata 31 kwa 100. Kuku wetu akaendelea kuishi.

Lililoniuma zaidi si hiyo 31. Ni msichana niliyeketi naye dawati moja. Mama yake huuza samaki hapa sokoni Migori, samaki wanaotoka Sori, na binti akitoka shule huenda moja kwa moja kumsaidia hadi giza liingie. Usiku wa kukesha hakuwa nao. Yeye alipata 74. Nisiwafiche, nilimshuku. Nilidhani ameibia.

Siku moja nilijipitisha sokoni makusudi. Nilimkuta nyuma ya meza ya samaki, mkono mmoja unafukuza nzi, midomo inakwenda kama ya mtu anayesali. Nikamwuliza anaongea na nani. “Naongea na hawa ngege,” akasema. “Nawaeleza njia ya damu mwilini. Wao hawana haraka.” Mfukoni alikuwa na vipande vya katoni alivyovikata kwa makasi, kila kimoja kina swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Alikuwa anajiuliza, anajibu kwa sauti ya chini, kisha ndipo anageuza kutazama kama amesema kweli. Mteja akija anamwuzia. Mteja akiondoka anaendelea alipoachia. Nilinunua omena za shilingi hamsini kwa ajili ya aibu tu, nikaenda zangu.

Tangu siku ile nimeshika msimamo mmoja, na huo ndio ninaotaka kuutetea hapa. Kusoma kitabu si kudurusu. Kudurusu huanza pale unapokifunga kitabu ukajaribu kusema kilichokuwamo. Wengi wetu hatufiki hapo. Tunasoma, tunasoma tena, tunapiga mistari, tunanakili noti kutoka daftari moja hadi jingine kwa kalamu za rangi nne, kisha tunalala tukijiona wasomi.

Kwa nini kusoma tena na tena kunatudanganya? Chukua mfano wa mtu unayepishana naye kila asubuhi kwenye daraja la mto Migori. Sura yake unaijua. Ukimwona Kisii utasema, “Huyu ni wa kwetu.” Lakini ukipewa kalamu uchore pua yake, utaweza? Ukurasa uliousoma mara tatu ni kama mtu huyo. Unautambua, nawe unadhani unaujua. Kulitambua jibu ukilitazama ni kitu kimoja, na kulitoa kichwani wakati halipo ni kitu kingine kabisa.

Na sisi wa kidato cha tatu tuna sababu ya pekee ya kunaswa na mtego huu. Tulikuzwa na KCPE. Ukiacha insha, mtihani ule ulikupa majibu manne, nawe ukachagua moja. Kutambua tu kulitosha. KCSE haikupi cha kuchagua. Inakupa swali, mabano yenye idadi ya alama, na mistari mitupu. Tumebadilishiwa mtihani lakini tumeendelea kusoma kwa mtindo wa darasa la nane.

Hili si la msichana wa samaki peke yake. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliwapa habari fupi za kusoma. Upande mmoja habari ikasomwa tena. Upande wa pili karatasi ikafichwa, mwanafunzi akaandika kila alichokumbuka, bila hata kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walishinda: asilimia 81 kwa 75. Angalia basi lililotokea kwa waliopimwa baada ya wiki moja. Waliosoma tena walibaki na asilimia 42, na wale waliojijaribu asilimia 56. Ndiyo maana mtu anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hukuapia kwamba mbinu yake inafaa. Kwa dakika tano, inafaa! Lakini nani hapa atafanya KCSE dakika tano baada ya kufunga daftari la kidato cha kwanza?

Kuna na jambo la kusahau. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijikaririsha silabi zisizo na maana yoyote, kisha akawa anajipima baada ya dakika kadhaa, saa kadhaa, siku kadhaa. Aliona kwamba kusahau kuna mbio mwanzoni: sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha mwendo unapungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yana nguvu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo zile saa nane zangu za usiku, kama ningezigawa nusu saa nusu saa katika muhula mzima, zingenifaa kuliko zilivyonifaa. Na ningelala. Usingizi nao si uvivu, kwani ubongo huyaimarisha mambo ya mchana wakati tumelala. Mimi nilikuwa naumwagia ubongo wangu maji huku nimeziba mtungi.

Watambaji wa hadithi tunaosoma habari zao katika fasihi simulizi hawakuwa na daftari la kusoma upya. Walisimulia, leo hapa, wiki ijayo kule, mbele ya watu ambao wangewacheka wakikosea. Hadithi zilikaa vichwani kwa sababu zilitolewa vichwani mara nyingi. Hilo nalisema tu kwa kupita.

Sasa nije kwetu, wanafunzi wa kutwa. Malalamiko yetu nayajua, nami ni mmoja wa walalamikaji. Wenzetu wa bweni wana prepu hadi usiku, wana stima, wana mwalimu wa zamu. Sisi saa kumi na moja tuko barabarani. Tukifika nyumbani kuna ng'ombe, kuna maji, kuna mtoto wa kubeba. Wasichana ndio wanaoumia zaidi: kijana kama mimi akisema anasoma anaachwa, msichana akisema anasoma anaulizwa ugali utapikwa na nani. Wazazi wanaosoma gazeti hili, tafadhali lifikirieni jambo hilo. Nusu saa tu ya binti yenu, kabla ya kuni na sufuria, haitawanyima chakula.

Lakini ukikubali kwamba kudurusu ni kufunga kitabu, basi mwanafunzi wa kutwa ana kitu ambacho wa bweni hana: ana njia. Mimi hutembea saa nzima kuja shuleni na saa nzima kurudi. Kitabu huwezi kukisoma njiani, pikipiki itakusomba. Kujiuliza maswali unaweza. Asubuhi najiuliza ya jana, jioni najiuliza ya leo. Siku ya Ijumaa najiuliza ya Ijumaa iliyopita. Ninapokwama nageuza kipande cha katoni, natazama, narudisha mfukoni, na nikifika kwenye mti fulani najiuliza tena. Nikilijibu sawasawa mara kadhaa, kile kipande nakiweka kwenye mkebe nyumbani, nakitoa baada ya mwezi. Mara nyingi nakuta nimesahau nusu. Basi kinarudi mfukoni. Watu wa bodaboda pale stejini wamekwisha kunipa jina, wananiita Mhubiri. Wacha wacheke.

Jambo jingine nililojifunza linahusu lugha. Biolojia tunafundishwa kwa Kiingereza, na ni rahisi sana kumeza sentensi ya Kiingereza bila kutafuna. Nyanya yangu hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Jioni moja nilijaribu kumweleza kwa Kijaluo jinsi figo inavyochuja damu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, “Mbona basi ng'ombe hukojoa zaidi wakati wa mvua, akila nyasi mbichi?” Nilibaki mdomo wazi. Nilikuwa nimekariri majina yote ya sehemu za figo, lakini swali la bibi kizee asiyeingia darasani likanishinda. Nikarudi kitabuni, na kwa mara ya kwanza nikasoma ile sehemu ya homoni ya ADH nikiwa na haja nayo. Kumbe mwili ukiwa na maji mengi homoni hiyo hupungua, figo inarudisha maji machache kwenye damu, na mengine yanatoka. Nilimpelekea nyanya jibu kesho yake. Akasema alijua tu kwamba nyasi zina maji. Kisha, usisahau, nilikaa nikayaandika yale yale kwa Kiingereza, kwa maana msahihishaji wa KCSE hatanisoma kwa Kijaluo.

Kuhusu Kiswahili, nina neno na wanachama wenyewe, tunaojidai kwamba ni somo letu. Tangu KCSE ya mwaka 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Yaani Kiswahili kinaweza kuwa lugha inayokubeba. Lakini tunakidurusu vipi? Riwaya ya Nguu za Jadi na tamthilia ya Bembea ya Maisha, wengi wetu tunasoma mwongozo kabla ya kitabu, na wengine badala ya kitabu. Mwongozo una majibu ya maswali ya mwandishi wa mwongozo. Swali la muktadha wa dondoo lina alama nne, nalo linataka mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, kwa sababu gani. Hayo huwezi kuyapata kwa kukariri orodha ya maudhui. Mimi hufanya hivi: nikimaliza sehemu ya tamthilia nafunga kitabu na kusema nani alikuwapo na nani alimkasirikia nani. Jaribu kusema bila kufungua uhusiano wa Sara, Yona, Neema na Bunju, na kila mmoja anamlalamikia mwenzake nini. Ukikwama, hujakisoma, umekipitia.

Karatasi ya Lugha nayo ni alama 80 kwa saa mbili na nusu. Hesabu mwenyewe: dakika 150 gawanya kwa 80, hazifiki dakika mbili kwa alama. Sarufi ina alama 40, nusu ya karatasi, lakini nimewaona wenzangu, na mimi pia, tukimaliza dakika arobaini katika ufahamu wa alama 15 kwa sababu habari ni tamu. Hilo halirekebishwi kwa kusoma noti za ngeli. Hurekebishwa kwa kuchukua karatasi ya zamani, kuweka saa mezani, na kuandika hadi muda uishe, hata kama ni nusu ya karatasi tu siku ya Jumamosi.

Hisabati sitasema mengi, nisije nikachekwa na wanaojua alama zangu. Nasema moja tu. Tukifanya mazoezi ya kitabuni, maswali ishirini yote ni ya mada moja, na kichwa cha sura kimekwisha kutuambia tutumie kanuni gani. Karatasi ya mtihani haina kichwa cha sura. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 yaliyochanganywa, na kazi ya kwanza ni kutambua hili ni la nini. Kwa hiyo changanya mada unapojijaribu. Utakosa zaidi nyumbani, lakini afadhali ukosee mbele ya ng'ombe.

Nimetaja kukosea, na hapo ndipo penye kidonda. Nina daftari dogo ninaloliita daftari la makosa. Kila jaribio likirudishwa naandika swali nililokosa na kwa nini nililikosa. Wiki ya kwanza nilishangaa. Katika makosa 20 ya Kiswahili, 9 hayakutokana na kutojua. Niliambiwa “eleza” nikataja tu. Niliambiwa nitoe mifano miwili nikatoa mmoja. Alama hizo nilikuwa nazo mkononi nikazitupa. Nilipowashauri wenzangu wafanye daftari kama hilo, mmoja aliniambia waziwazi, “Mimi karatasi yangu yenye nyekundu siwezi kuitazama mara mbili. Naichana.” Nilimwelewa. Nami nilizichana nyingi.

Kwa nini tunazichana? Kwa sababu kwetu jaribio lina kazi moja, kutupanga. Matokeo hubandikwa ubaoni kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na mdogo wako wa gredi ya kumi anapita akisoma jina lako pale chini. Mtu aliyezoea kuaibishwa na jaribio hatajijaribu mwenyewe nyumbani. Atachagua kusoma tena na kupiga mistari, kwa sababu mstari mwekundu wa mkono wake mwenyewe haumwambii kwamba hajui. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko uvivu. Waheshimiwa walimu, mtanisamehe kwa kusema hivi katika gazeti, lakini nina ombi. Mwanzoni mwa kipindi tupeni maswali matatu ya wiki iliyopita na mawili ya muhula uliopita. Tujibu kwa karatasi, tusahihishane wenyewe, na alama zisiende popote. Dakika kumi zinatosha. Orodha ya ubaoni ibaki kwa mitihani mikubwa kama ni lazima ibaki. Mwalimu mmoja nilipomwambia hivi alisema silabasi haiwezi kumalizika. Ninamheshimu, naye ana haki ya kuogopa. Lakini silabasi iliyomalizika ubaoni na isiyomo kichwani, imemalizika kwa nani?

Kuna wenzangu watakaosema nimezunguka bure, kwamba akili ni ya kuzaliwa, au kwamba kuna njia fupi. Kuhusu akili siwezi kubishana, ila msichana wa samaki ameniambia kwamba darasa la tano alikuwa wa mwisho. Kuhusu njia fupi, tazameni historia. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 nchini walipata A katika KCSE, na matokeo ya maelfu ya wengine yakafutwa kwa udanganyifu. Mwaka 2016 usimamizi ukakazwa, karatasi zikafungiwa ndani ya kontena. Waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Mwaka uliofuata, 142. Sisemi wote wa kabla walikuwa wezi, la hasha, lakini kila mtu anaweza kutoa hesabu hiyo. Siku hizi kuna wanaouza karatasi za uwongo kwenye Telegram, na kuna wanafunzi wanaouza kuku wa mama ili wazinunue. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo hatakubali kukata katoni ya sukari, ambayo ni ya bure.

Na sisi hatuna nafasi ya kucheza. Tuliofanya KCPE mwaka 2023 ndio tulioifunga, haikufanywa tena. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili. Walioingia Januari mwaka huu wa 2026 ni gredi ya kumi, wana masomo yao na njia yao. KCSE tutakayofanya mwaka 2027 ndiyo ya darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kaka yangu alipoanguka alirudi kidato cha tatu katika shule nyingine, akakaa na wadogo zake mwaka mzima, akafaulu. Mimi nikianguka nitarudi nikae na nani? Hilo huniamsha usiku kuliko karai la maji.

Mtauliza mbinu hii imenipeleka wapi. Sijapata A. Biolojia ilikuwa 31, muhula wa kwanza ikawa 58, na mtihani wa katikati ya muhula huu 66. Mama alisema si haba, lakini kwa 66 hachinji. Kiswahili kimepanda, Historia imepanda kidogo. Kemia ilikuwa 36 na sasa ni 38, nadhani kwa sababu nilianza kutengeneza maswali ya vipande kabla sijaelewa somo lenyewe. Huwezi kukumbuka kitu ambacho hakikuingia. Kwa hiyo wiki hii nilimwendea mwalimu wa Kemia wakati wa chamcha nikamwambia sielewi dhana ya moli tangu ukurasa wa kwanza. Hakunicheka. Alivuta kiti, tukaanza upya.

Vipande vya moli ninavyo hapa mfukoni, kumi na viwili, vya leo. Kengele imekwisha kulia na mvua inakuja kutoka upande wa Isebania, nami katoni zikilowa sina nyingine. Acha nishike njia.